Kelele Ngeni Kwenye Injini ya Dizeli ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, niliinunua mkononi mwa mtu. Inabeba alizeti, mahindi, mabati na mara nyingine mgonjwa, kati ya Dodoma mjini, Kondoa na vijiji vya Bahi. Mimi si fundi wa kusomea, ila gari kuukuu humsomesha mwenyewe apende asipende. Kuna kosa moja nililipia ghali, nitalisimulia chini. Tangu siku ile majirani hapa Nkuhungu wakisikia mlio wasioujua huja kunigongea, na ndugu zangu wa Kondoa hupiga simu, wakaisogeza kwenye boneti: "Kaka, hebu sikiliza hii." Haya ndiyo wanayouliza zaidi.

Dizeli yenyewe ni makelele. Nitajuaje kwamba hii ni ngeni?

Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Kwenye 3L, au 1HZ ya Land Cruiser, inabanwa zaidi ya mara 22. Mafuta yakinyunyizwa humo yanalipuka kwa ghafla, na ule mshindo ndio "ta-ta-ta" tuliouzoea. Injini ikiwa ya baridi mshindo unazidi, maana mafuta yanachelewa kidogo kushika moto, halafu yanashika yote kwa pamoja. Isitoshe, pampu nyingi za zamani zina kifaa kinachowahisha mafuta na kupandisha sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) wakati wa baridi. Kwa hiyo asubuhi ya Julai hapa Dodoma gari likigonga dakika tatu nne kisha likatulia, usianze kutafuta mchawi.

Ngeni ni ile ambayo wiki iliyopita haikuwepo, au ilikuwepo inapotea na sasa haipotei. Mimi hurekodi gari likiwa zima: dakika moja la baridi, dakika moja la moto, nimesimama palepale mbele ya taa ya kushoto. Siku nikiwa na shaka nasikiliza ya zamani na ya leo. Sikio linasahau haraka sana.

Nimesikia mlio leo asubuhi. Kitu cha kwanza nifanye nini?

Zima, egesha pasipo mteremko, subiri dakika kumi, vuta dipstiki. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza kabla ya kuwaza lolote lingine. Ikiwa juu ya alama na hujaongeza, inuse: harufu ya dizeli maana yake mafuta yanavuja kuingia chini kupitia nozeli (kile kinachonyunyiza dizeli kwenye silinda) au sili ya pampu, na oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi na hailindi beringi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Hapo usiwashe tena. Na kama taa ya oili inawaka injini ikiwa inanguruma, maswali yote ya chini yaache, zima kwanza.

Nimwambie nini fundi? Nikisema "inagonga" ananiangalia tu.

Ana haki. "Inagonga" haimwambii kitu. Mwambie inagonga lini. Ya baridi au ya moto? Kwenye sailensi au ukikanyaga? Ukipiga resi inaongezeka pamoja na injini, au inategemea mwendo wa matairi? Ukipanda mlima na mzigo inazidi? Ukiachia mafuta ghafla inakuwaje?

Kila jibu linafunga milango kadhaa. Chukua barabara ya kwenda Bahi, ile sehemu iliyonyooka, pasipo gari nyuma. Ukiwa kilomita 60 kwa saa kanyaga klachi, acha injini ishuke mpaka sailensi huku gari likiendelea kuserereka. Mlio ukibaki vilevile na kupungua taratibu na mwendo, injini haina hatia. Tafuta kwenye propela, beringi za matairi, difu. Mlio ukishuka pamoja na injini, basi uko mbele. Jaribio hili lifanye tambarare tu. Anayeweka gia huru mteremko wa Saranda simfundishi mimi.

Halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Watu hubadilisha filta, oili, mkanda na nozeli siku moja, mlio ukiondoka hawajui dawa ilikuwa ipi, ukirudi mwezi ujao wanaanza upya.

Nitapataje mahali unapotokea? Injini nzima inaonekana kulia.

Chuma kinasafirisha sauti kama reli, ndiyo maana sikio pekee linadanganya. Chukua bisibisi refu la mpini wa mbao au plastiki. Ncha igusishe kwenye bolti au chuma kilichosimama, mpini uubane mbele ya sikio. Anza na altaneta, nenda pampu ya maji, pampu ya dizeli, kava ya juu, ubavu wa bloki, sampu (beseni la oili chini ya injini). Mahali mlio unapokuwa mkali na wa karibu, kama mtu anagonga mlango wako na si wa jirani, ndipo penyewe au jirani kabisa. Kabla ya hapo funga mikono ya shati, vua saa, na kina mama mtandio na khanga viingie ndani; feni ya Hilux inazungushwa na mkanda, haina huruma.

Kwa milio ya hewa bisibisi halisaidii. Tumia kipande cha mpira wa maji kama mita moja, upande mmoja sikioni, mwingine utembeze kwenye viungo vya manifoldi na chini ya kila nozeli. Usiguse chuma. Pumzi inayovuja utaisikia kama mtu anayekunong'oneza.

Fundi amesema injini imenoki, yaani beringi za ndani zimekufa, tufungue. Nikubali?

Hapa ndipo nilipoumia.

Hilux ilianza kutoa "kong, kong, kong" kwenye sailensi. Mlio mzito, wa chini. Niliipeleka gereji moja, kijana akasikiliza kwa sekunde kumi, akafuta mikono kwa tambara: "Kaka, hii imenoki. Tukichelewa inatoboa bloki." Nani asingeogopa? Sampu ikashushwa, injini ikatolewa, kranki ikapelekwa kuchongwa, beringi mpya, ringi mpya, gasketi. Siku tisa. Siku ya kumi tukawasha, nimesimama na bahasha ya hela mkononi.

Kong, kong, kong.

Wakabaki wanaangaliana. Alikuwepo pale mzee mmoja fundi umeme, alikuja kwa gari la mtu mwingine. Hakusema kitu. Akaweka kiganja nyuma ya altaneta, akakiacha pale, akaniuliza: "Mwanangu, breki zako zimekuwa ngumu siku hizi?" Zilikuwa ngumu. Kama wiki tatu nilikuwa nakanyaga kwa nguvu nikishuka kuelekea mjini, nikadhani ni brekipedi. Mzee akalegeza mkanda, akautoa, akasema washa. Injini ikanguruma safi, kimya kama ya mtu mwingine.

Kwenye Hilux nyingi za 2L na 3L, na baadhi ya Pajero na Nissan za umri huo, nyuma ya altaneta kuna vakyumu pampu. Injini ya dizeli ya aina hii haina kipepeo cha kubana hewa kama ya petroli, kwa hiyo haitoi uvutaji wa kutosha kusaidia breki. Lazima iwe na pampu yake. Mapanga yake yakichakaa, au oili isipofika vizuri, inagonga, na mgongo wa altaneta unapeleka ule mlio mpaka kwenye bloki. Dalili ya pili ni breki ngumu. Nilikuwa nazo zote mbili sijaziunganisha.

Kwa hiyo jibu langu: usikubali mpaka mkanda wa nje, ule wa altaneta na feni, umetolewa na injini imewashwa bila huo mkanda. Ni kazi ya dakika kumi na tano. Washa injini ikiwa ya baridi, nusu dakika inatosha, isizidi dakika moja kwa sababu pampu ya maji nayo imesimama. Gari lisisogee hata hatua moja, breki hazina msaada. Mlio ukipotea, umebaki na altaneta, vakyumu pampu, pampu ya maji au feni, na umeokoa ovahoo. Ukibaki, angalia bolti ya puli ya kranki kabla ya sampu: puli iliyolegea inagonga kama beringi iliyokufa, na nimeona mtu akiikaza mlio ukaisha hapohapo. Gari la otomatiki lina jingine, ile sahani inayounganisha injini na giaboksi; ikipata ufa au bolti zake zikilegea inamdanganya hata fundi mzoefu.

Nikishatoa mkanda na bado inagonga, nitatofautishaje nozeli na beringi?

Kwa injini zenye pampu ya kimekanika, yaani 3L, 5L na 1HZ za Toyota, TD27 ya Nissan, 300Tdi ya Land Rover na wenzao, kuna njia ya zamani isiyoshindwa. Injini ikiwa kwenye sailensi, legeza nati ya bomba la dizeli juu ya nozeli ya silinda ya kwanza. Kwa Toyota nyingi ni spana namba 17. Legeza kidogo tu mpaka dizeli ianze kutoka kwenye nati. Silinda hiyo inakufa, injini inatetemeka. Sikiliza. Kaza. Nenda ya pili.

Mlio ukikatika kabisa kwenye silinda moja, na kurudi ukikaza, mara nyingi ni nozeli: inadondosha badala ya kunyunyiza, au inafunguka kwa mgandamizo mdogo. Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda nyingine. Mlio ukihama nayo, umemkamata. Wenye mashine ya kupimia nozeli wataiona inavyotema na wakaibadilisha ncha.

Mlio ukipungua na kuwa mzito zaidi lakini usipotee, ni upande wa konrodi au pistoni, kwa sababu umeondoa mshindo wa mlipuko lakini uwazi wa beringi bado upo. Beringi ya konrodi huchongea zaidi injini ikiwa ya moto: ishike kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kisha achia mafuta, pale inapoanza kushuka ndipo inapopiga mfululizo. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda ni kinyume chake, inapiga ya baridi na kutulia ya moto, na gari linaweza kuishi nayo miaka. Beringi kubwa za kranki hutoa mshindo wa chini kabisa unaousikia miguuni wakati wa kuvuta mzigo.

Kama hulegezi kwa kuwa unaogopa, hiyo ni akili. Vaa miwani, mkono ukae mbali na pale dizeli inapotoka. Dizeli yenye mgandamizo inapenya ngozi; tundu ni kama la sindano, haliumi sana, lakini ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo kabla kidole hakijaoza. Na kwenye Hilux za D-4D na dizeli nyingine za kisasa, njia hii ni marufuku kabisa. Nozeli ya kizamani ya 3L hufunguka chini ya bar 200. Hizo za kisasa zina mamia ya bar kwenye bomba muda wote injini inapowaka, na ukikanyaga zinapita 1,000. Hizo zinapimwa kwa mashine.

Inapiga "tiki tiki tiki" nyepesi juu. Ni tapeti?

Pengine. Tapeti hupiga kwa haraka na kwa wepesi, mlio wake hauzidi ukiwa na mzigo, na bisibisi likiwa juu ya kava linakupa jibu. Uwazi wa vali hupimwa kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia), injini ikiwa imelala usiku kucha. Kwenye 1HZ ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa, 0.35 hadi 0.45 upande wa ekzosi, na hurekebishwa kwa kubadilisha vibati vyenye unene tofauti. 300Tdi ni 0.20 zote na unazungusha skrubu. Anayekwambia ataziweka "kwa uzoefu" bila fila mshukuru uondoke.

Ila tahadhari moja. Tapeti inayopiga ni afadhali kuliko tapeti iliyobana. Uwazi ukiisha vali haifungi vizuri, inaungua, na haipigi kelele yoyote. Injini ya zamani iliyonyamaza ghafla nayo nenda kaipime.

Inatoa "chaf chaf chaf", hasa ya baridi.

Hiyo ni pumzi. Ama gasketi ya manifoldi ya ekzosi, ama washa (kile kipete) ya shaba chini ya nozeli. Tafuta masizi meusi. Kwenye nozeli utakuta uchafu mweusi mgumu kama lami umeizunguka. Mwagia maji ya sabuni, mapovu yatakuonyesha. Usiiache, maana moto ule unakula kiti cha nozeli, na hapo silinda hedi inashushwa kwa jambo lililoanza na washa ya bei ndogo.

Na mluzi?

Ukilia unapowasha taa zote au ukikata usukani, ni mkanda. Mwagia maji kidogo: ukinyamaza kwa muda, mkanda umechakaa au puli haziko mstari mmoja, ukizidi, umelegea. Ukilia na kuambatana na kukanyaga mafuta kwenye gari lenye taba (turbo), angalia mipira ya hewa kwanza, kisha zima, injini ipoe, toa mpira, shika shafti ya taba utikise. Ikigusa pembeni, imekwisha.

Kelele inakuja nikigusa klachi.

Inakuja ukikanyaga: beringi ya klachi. Inaondoka ukikanyaga: beringi ya mbele ya giaboksi. Injini iache.

Taa ya T-BELT imewaka lakini sisikii kitu. Nisubiri?

Hapana. Hiyo taa kwenye Toyota nyingi za dizeli inahesabu kilomita tu, huwaka kila baada ya 100,000. Mkanda wa taiming mara nyingi hukatika bila kuaga, vali zinakutana na pistoni, na mlio wake wa kwanza ndio wa mwisho. Na kwa gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu, hesabu ya dashibodi ichukulie kama hadithi. Badilisha pamoja na tenshena, uandike tarehe kwa rangi kwenye kava.

Inaweza kuwa mafuta mabaya?

Inaweza, hasa kama mlio umeanza baada ya kujaza. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kugundua uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010, lakini dizeli ya kwenye madumu kijijini hakuna anayeipima. Mafuta ya taa yakichanganywa, dizeli inakosa ulainishaji na pampu inajisaga. Kabla ya kulaumu kituo cha mafuta, mwaga maji chini ya filta ya dizeli, kisha angalia hewa: bomba lililopata ufa linavuta hewa na injini inagonga na kuyumba. Funga kipande cha bomba jeupe kati ya filta na pampu. Mapovu yataonekana kwa macho.

Vumbi letu linahusika?

Sana, ila taratibu. Toa mpira unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda injini, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, filta haizuii vumbi, na ringi zinasagwa kila safari ya Kondoa vijijini. Huo ni mlio wa mwaka kesho.

Wanasema niweke oili nzito na dawa itanyamaza.

Itanyamaza, wiki moja au mbili. Ndivyo magari mengi yanavyouzwa. Ukienda kununua dizeli kuukuu, mwambie mwenye gari asiliwashe mpaka ufike, gusa boneti kama ni ya baridi, na oili isiwe inavutika kama asali. Kwa gari lako mwenyewe, mwaga oili ikiwa ya moto kwenye beseni safi, pitisha sumaku, kisha kata filta kwa msumeno wa chuma na uikunjue karatasi yake juani. Vumbi jeusi ni kawaida. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba au fedha ni beringi, hapo kijana wa gereji akisema imenoki, mwamini.

Niko njiani, mbali, imeanza kugonga kwa nguvu. Niendelee pole pole?

Kama ni mshindo mzito wa chini unaozidi na joto, au taa ya oili imewaka, zima palepale, iwe Mtera au porini baada ya Manyoni. Kilomita kumi za "pole pole" ndizo zinazogeuza beringi kuwa bloki iliyotoboka. Weka mawe kwenye matairi na pembetatu nyuma. Ukivutwa, omba chuma cha kuvutia badala ya kamba: injini ikizimwa vakyumu haipo, breki ni ngumu kama ukuta, usukani nao mzito, na anayekuvuta akikanyaga breki ghafla kamba haitakuzuia kuingia chini ya tela yake. Kama ni tiki tiki nyepesi, mluzi wa mkanda au chaf chaf, na oili ipo, joto liko kawaida na breki zinashika, nenda taratibu mpaka penye fundi, na bisibisi lako refu liwe kwenye kiti cha pembeni.